Bosi na Kinda la Tetere

Baba Celia,

Nimekwenda Kilambo kumwona dada Odete, nitarudi Jumapili. Kisamvu kimo kwenye sufuria yenye mfuniko mwekundu. Kipashe moto, usije ukakila baridi halafu ukanisingizia tumbo.

~~Bosi afungwe mchana kutwa.~~ Bosi mwachie. Pilipili ndiye mbwa wa kufungwa, maana tangu makinda wa tetere waanze kulia haachi kuurukia ule mlimau wenye kiota chao.

Najua utashangaa. Alfajiri nilipotoka kufagia uwanja, nilimkuta Bosi na kinda mdomoni. Nikamchapa ufagio mara mbili, huku nikipiga kelele, "Mbwa wako hawa, Mauricio! Nilisema watawamaliza!" Bosi hakukimbia. Alilala chini, akafungua mdomo taratibu, na kinda akatoka mzima, amelowa mate tu, akanifokea kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kumla. Kumbe alikuwa ameanguka, na Pilipili alikuwa nyuma ya pipa la maji akimvizia. Nikapanda kiti, nikamrudisha kiotani. Mama yake ameshakuja, nimemwona kwa macho yangu.

Basi ulivyosema jana, kwamba Bosi ana huruma kuliko watu wengine humu ndani, nimekubali. Ila uliposema hao "watu wengine" ulikuwa unanitazama mimi, na hilo bado linaniuma.

Bosi nimeshamwomba radhi, nikampa na samaki wako wa jana. Kati yangu na wewe, anayetakiwa kuomba radhi bado amelala.

Mkeo,
Mama Celia