Bawa la Kushoto

4 Februari

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini kifua kimeanza kukuachia upumue, na kwamba unameza dawa bila kugombana na muuguzi. Mimi mzima. Mama naye mzima, magoti tu yanamsumbua.

Huku shule ya urubani nimekukuta ukutani! Umesimama mbele ya karakana, tochi kiunoni, viatu vinang'aa utadhani bwana harusi. Mwalimu anatuambia, "Kagueni kama Mzee Tochi, au mkaendeshe baiskeli." Tunatumia orodha yako ileile: mmoja anakaa kwenye kiti anasoma, mwenzake anaizunguka ndege na kuitikia "Tayari." Ule mstari wako wa herufi kubwa, MABAWA YOTE MAWILI, KWA MACHO YAKO MWENYEWE, tumeukariri mpaka tunauota.

Tatizo ni kwamba nachelewa. Nakagua mara mbili, mara tatu. Injini ikishapata moto naijaribu, nasikiliza, narudia tena. Wenzangu wananitania kwamba ndege yangu itaota nyasi. Hawajui mimi ni mtoto wa nani. Kwenye fomu niliandika jina la ukoo wa Mama. Ripoti ya ajali ilisema Baba alianguka na ndege kwa uzembe wake, na naogopa uzembe huo ninao kwenye damu. Wewe ulikuwa fundi wake, mkaitana ndugu hadi nikakuita Baba Mdogo. Niambie ukweli: alikuwa mtu wa haraka?

Mtihani ni mwezi wa tano.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu, marahaba.

Kifua ni kilekile; kinapiga filimbi nikilala chali. Muuguzi nimegombana naye mara moja tu, na akanishinda. Mpe Mama pole ya magoti.

Baba yako alikuwa mtu mzuri. Kila rubani ana siku yake mbaya. Usichimbue ya zamani, soma ufaulu. Na kuhusu kuchelewa, endelea kuchelewa.

Baba yako mdogo


2 Machi

Mwanangu,

Natumaini hujambo, na Mama amepata nafuu.

Jana daktari alikaa kitandani kwangu akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mgonjwa anayekwenda nyumbani. Kwa hiyo ile barua yangu ya mwezi uliopita ichane. Niliandika kwa woga.

Baba yako hakuwa mtu wa haraka. Alituchosha sote kwa utaratibu wake.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Mimi nilikuwa nimepandishwa cheo kuwa fundi mkuu, na saa mbili asubuhi mpiga picha alikuwa anakuja kunipiga picha ya ofisi. Nilivaa viatu vipya. Baba yako alikaa kwenye kiti, akafungua kidirisha, akaanza kusoma. Propela? Tayari. Oili? Tayari. Bawa la kulia? Kazi yenyewe unaijua: unainama chini ya bawa, unachota mafuta kidogo ya tangi lake kwenye kichupa cha kioo, unayaangalia. Maji, ambayo huzima injini, yakiwemo hutuama chini ukayaona. Kulia nilichota, yakawa safi. Lakini bawa la kushoto lilikuwa limetokeza nje ya saruji, na chini yake palikuwa na dimbwi la tope.

"Bawa la kushoto?"

Nikaangalia tope. Nikaangalia viatu.

"Tayari."

"Umechota kweli," akacheka, "au bwana mkubwa siku hizi hainami?"

"Safi, bwana. Acha maneno, ruka."

Akaniamini. Injini akaipasha moto na kuijaribu kwa mafuta ya tangi la kulia, ikaunguruma vizuri. Kisha akahamia tangi la kushoto, kwa kuwa ndilo lililojaa zaidi, akaenda zake. Raba ya kifuniko cha tangi hilo ilikuwa imechakaa, na mvua ilipenya humo. Mwenye kujua habari ya raba ile nilikuwa mimi peke yangu. Mpiga picha akaniambia nisimame wima. Kandege kale kaliko nyuma ya bega langu pichani, kale mnakokaona kila siku darasani, ndimo alimokuwa baba yako. Injini ilizimika ndege ikiwa juu ya miti.

Moto haukuacha kitu. Wachunguzi wakaniuliza, "Ulichota mabawa yote mawili?" Nikasema ndiyo. Basi wakaandika uzembe wa rubani, eti alihama tangi bila kuijaribu injini upya. Ule mstari wa herufi kubwa niliuandika mwezi mmoja baadaye, kwa aibu, na watu wakanisifu kwa mstari huo. Ni miaka ishirini na miwili sasa. Kila ulipoingia kwangu ukaniamkia, niliitikia huku natazama miguu yangu.

Nakuomba hili libaki kati yetu. Mwanangu wa kuzaa ni fundi kwenye karakana ileile, na anatembea kifua mbele kwa ajili ya jina langu. Acha nife kwanza.

Baba yako mdogo


21 Aprili

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza, yalitoka matusi.

Mama aliishusha picha ya Baba nikiwa na miaka mitano. Wageni walikuwa wakiitazama, halafu wanatazama chini. Shuleni niliitwa mtoto wa Mzembe. Nilipokuja kwako nalia, ulinipa biskuti na kuniambia nisiwasikilize. Ulikuwa unajua, na ulinipa biskuti.

Sitakufichia. Aibu hii tumekubebea mimi na Mama. Iliyobaki uibebe mwenyewe. Nimekwenda ofisi ya wachunguzi. Wanasema barua pekee haitoshi, wanataka wakusikie kwa mdomo wako, uweke sahihi mbele ya shahidi. Watakuja hospitalini Jumanne, tarehe tano ya mwezi ujao.

Usife kabla ya Jumanne.

Binti wa rubani


6 Mei

Binti wa rubani,

Hukuniamkia, na ni haki yako. Siwezi kuandika marahaba ambayo sikuombwa.

Walikuja wawili, mama mmoja na kijana wa kuandika. Shahidi nilimtaka awe mwanangu. Yule mama alikuja na orodha yangu mwenyewe, akawa ananisomea mstari kwa mstari, nami naitikia kama zamani. Propela, tayari. Oili, tayari. Tukafika bawa la kushoto.

"Sikuchota," nikasema.

"Kwa nini?"

"Viatu."

Kijana akaacha kuandika. "Viatu vimefanya nini, mzee?"

"Vilikuwa vipya."

Miaka yote hii nilikuwa najiandaa kusema kwamba nilimuua ndugu yangu, na hilo nililitamka bila shida. Viatu ndivyo vilivyonishinda. Ilibidi kijana aniulize mara ya pili ndipo nikarudia kwa sauti. Mwanangu alikwenda dirishani akanipa mgongo mpaka mwisho. Kisha akarudi, akaweka sahihi chini ya yangu. Tangu jana hajasema nami. Nimemwachia ujumbe aishushe ile picha darasani kwenu.

Msamaha sikuombi. Nimeshakupa mizigo ya kutosha.

Fundi


17 Mei

Shikamoo, Baba Mdogo.

Mtihani nimefaulu. Kwenye fomu nimefuta jina la ukoo wa Mama, nimeandika la Baba. Picha yake Mama aliitundika jana; msumari wake ulikuwa haujawahi kung'olewa.

Asubuhi ya mtihani kulikuwa na tope chini ya bawa la kushoto. Nilipiga magoti, nikachota, nikaangalia. Mwalimu akaniambia, "Binti, suruali yako!" Nikachota tena.

Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Ila nimekuamkia. Nasubiri uitikie.

Mwanao