Jiwe Lililocheza

Jumanne, kambi ya reli, Dodoma

Bega la Ndahani, kibarua wangu, limeteguka, lakini yu hai. Alhamdulillahi.

Mdachi, msimamizi wetu, alitaka mawe yaliyolegea ubavuni mwa jabali yaangushwe kabla ya adhuhuri, maana reli itapita chini yake. Kamba tulikuwa nayo moja tu. Mimi, mnyapara, ndiye niliyeifunga kwenye jiwe la ukingoni. Nililisukuma kwa mguu, likacheza kidogo. Nikafunga hivyo hivyo, kwa kuwa Mdachi alikuwa akinitazama.

Tukamteremsha Ndahani kwa kamba hiyo; alipofika katikati ya jabali, jiwe likaanza kuteleza. Tuliirukia kamba watu wanne, tukamvuta juu huku akilia kwa maumivu.

Baadaye nilifunga upya. Kamba niliizungusha kwenye mwamba uliozama ardhini, kisha ncha yake nikaifunga kwenye shina la mkwaju ulio nyuma, ili kimoja kikishindwa kingine kishike. Ukingoni nikatandika gunia, jiwe lisiikate. Tukaning'inia watatu kwa pamoja, haikusogea. Na kazi yenyewe ilikuwa ya muda mfupi tu! Kwa nini sikufanya hivyo asubuhi...

Jioni nilimwendea Ndahani kibandani kwake. Akanishukuru kwa kumvuta. Shukrani ile sikuweza kuistahimili.

"Ndahani," nikamwambia, "jiwe lile nilijua linacheza."

Akaushika mkono wake.

"Hata mimi niliona, mnyapara," akasema. "Nikasema moyoni, huyu hawezi kunifunga pabaya."