Kijitanda cha Bibie

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Maharage tena, kupeleka kambi ya wakimbizi Mtabila. Gunia mbili kwenye keria ya baiskeli. Mlima ule wa kwanza wenzangu wote wameshuka, wakasukuma. Mimi sikushuka. Waulizwe.

Nyumbani mke wangu Skola bado ana homa. Mtoto amelala katikati ya kitanda kama ndiye aliyejenga nyumba. Kazaliwa Ijumaa, mdogo mpaka naogopa kumshika. Jina bado. Namwita Bibie.

Nesi wa zahanati kanipa maneno. Kitanda chenu chembamba, mama ana homa na usingizi wake mzito, mtoto mtamlalia. Apate kijitanda chake, kando kabisa ya mama, mama amfikie kwa mkono. Chini pawe pagumu. Mito hapana, manguo hapana. Halafu akasema kuna watu wanalala kama wanapigana, akaniangalia mimi. Kajuaje? Skola kasema. Hakuna mwingine.

Kijitanda hatuna. Kwetu mtoto hanunuliwi kitu kabla hajalia. Ukinunua mapema wazee wanakuuliza nani kakuhakikishia. Basi mtu anazaliwa ndiyo unaanza kukimbia.

Nimelala chini kwenye mkeka. Kwa hiari yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Sokoni Kasulu. Baba Eliza, yule wa mitumba, ana kijitanda cha chuma, kimepakwa rangi ya bluu. Kakisifia kabla sijauliza chochote. Imara, cha Ulaya, kimelaza watoto wa wakubwa. Mtu akisifia kitu hujamuuliza, kagua.

Nikakagua. Nilikuwa na boga kwenye kapu, ukubwa wa kichwa cha Bibie. Nimelipitisha kati ya nondo. Likapita lote, likaanguka. Soko zima kicheko.

"Kijana, mtoto si boga," anasema Baba Eliza.

"Ndiyo maana nimekuja na boga, Baba Eliza."

Kisha nikaegemea ubavu mmoja wa kijitanda, ule wa kushushwa. Ukashuka wenyewe na kelele kubwa. Komeo limekatika, limefungwa uzi wa viatu na kupakwa rangi juu. Rangi! Mtu ana watoto sita nyumbani kwake, ananiuzia mtego.

Boga tumelila. Lilikuwa limepasuka tayari.

Jumatano, 6 Agosti

Mama mkwe kafika toka Kumsenga, juu ya lori, na mkungu wa ndizi. Kaja kumwangalia mzazi. Analala na Skola chumbani. Maana yake mimi chumbani siingii tena, mkwe haingii anapolala mama mkwe. Hata tukikutana uani, yeye anajitanda kanga mpaka puani, mimi naangalia kuku. Tunaongea kupitia Skola. Mwanangu yupo nyuma ya pazia na mimi namsikia tu.

Kijitanda hakitaki. Kasema kwa sauti, ili nisikie bila kuambiwa, kwamba mtoto hulala kifuani kwa mama yake, na wanaowatenga watoto ni Wazungu. Simwamini huyu mama. Toka siku ya posa simwamini, alinihesabia meno.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi nimesikia kelele chumbani. Mama mkwe kaamka akamkuta Skola kageukia upande wa mtoto, kitenge kimemfunika Bibie uso mzima. Skola hakusikia kitu, homa. Bibie alikuwa amekuwa wa rangi nyingine. Wakampepea, akalia. Nilikuwa nje ya pazia, nimeshika ukuta. Siwezi kuingia. 

Sasa hata mama mkwe kanyamaza kuhusu Wazungu.

Nimekwenda Mtabila kwa Fundi Merikiyori, Mrundi, ana kibanda cha turubai karibu na njia ya magari. Wanasema hakuna mwenye mkono mwepesi kama wake kambini. Nimemsalimia kwa Kirundi safi. Kirundi chenyewe ni Kiha changu nikikaza shingo, ila kanielewa. Nikamweleza: kijitanda, pande tatu, wa nne wazi uelekee kwa mama, miguu ilingane na kitanda chetu.

Nina mashaka naye. Hakuniangalia. Aliuliza neno moja tu, umwana, yaani mtoto, ana umri gani. Nikasema kazaliwa juzi tu. Akatoa fimbo yenye alama za kisu, akaweka dole gumba kwenye alama ya chini kabisa, akaanza kupima ubao. Hakuuliza urefu wala jina, wala mama anaendeleaje. Fundi gani haulizi kitanda chetu kina kimo gani?

Akasema, "Kinatakiwa leo?"

Nikasema Jumamosi.

Hapo ndiyo akaniangalia. "Jumamosi? Ego, sawa."

Kama mtu ambaye hajawahi kupewa siku mbili. Mvivu, nikajisemea. Mbao nimezinusa moja moja, isije ikawa ni masanduku ya dawa za kunyunyizia mashamba. Hazina harufu. Kwa pua hii hakuna wa kunidanganya.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Sikwenda popote. Skola kala kidogo. Mama mkwe kakaa macho, anamlinda mtoto. Simsikii hata akikohoa. Anapanga nini?

Jumamosi, 9 Agosti



Nilifika kwa Merikiyori, hayupo, kaenda kupanga foleni ya chakula. Jirani yake kanikabidhi. Sanduku zuri, limepigwa randa mpaka linateleza. Niliona halina miguu. Nikasema miguu nitaipiga mwenyewe, mimi si nina mikono? Niliona pande zote nne zimezibwa. Nikasema ubavu mmoja nitautoa. Juu kumechongwa mfuo, kama kijifereji chembamba, kuzunguka ukingo wote. Nikasema fundi kafikiria chandarua, kumbe ana akili. Yote niliyaona. Yote nikayapatia sababu.

Vumbi la kiangazi mnalijua. Nikalifunika kwa shuka jeupe la Skola, nikalifunga kwenye keria kwa mpira, nikapanda.

Njiani maajabu. Wazee wa pale njia panda wakasimama, wakavua kofia. Nikawapungia. Wanawake wenye kuni wakatua mizigo, kimya. Wenye baiskeli, wale wale wanaonitukana kila siku nikiwapita mlimani, wote wakashuka, wakasimama pembeni mpaka nipite. Nikasema leo wamekubali. Mama mmoja akaniita, "Pole sana, baba." Nikamjibu, "Asante mama, nimezoea." Akashika mdomo.

Nimepiga kengele mpaka nyumbani.

Lakini sokoni ndipo nikaanza kushtuka. Wapiga debe hawakunitania. Mimi! Siku zote hata nikipita na mkungu wa ndizi wananiita bwana harusi. Leo wameinamisha vichwa. Nikajiuliza wamekula njama gani.

Nikafika uani. Mama mkwe alikuwa anaanua nepi. Akaona shuka, akaona umbo chini ya shuka. Kanga ikamtoka kichwani, hakuiokota. Akaja mpaka mbele yangu, uso kwa uso, mara ya kwanza toka nimeoa binti yake. Macho yake ni mekundu, hajalala siku ngapi sijui.

"Mkwe, umemletea nani hiki?"

"Mtoto, mama."

"Mtoto yu hai!"

Akasimama mlangoni, mikono huku na huku. Nikakasirika. Nikajua ni zile zile hila zake za kukataa kijitanda. Nilitaka kusema neno baya. Ndipo jirani yetu Mama Perusi akaingia analia, na mkeka kichwani, na nyuma yake watu na kuni, kuja kukaa msibani. Habari ilikuwa imenitangulia njia nzima.

Nikageuka nikaangalia sanduku kwenye keria yangu. Halina miguu. Limezibwa pande nne. Ule mfuo ni wa kukalia kifuniko.

Nimelibeba jeneza la mwanangu kutoka Mtabila hadi nyumbani, napiga kengele.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikwenda. Wangeniangalia.

Skola hasemi na mimi. Nimesimama nje ya pazia nikamwita, kanijibu kwa kugeukia ukuta, nimesikia kitanda kinalia. Bibie amelala kifuani kwa bibi yake, bibi kakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Mchana Mama Perusi kamkuta anasinzia, mtoto anateleza mapajani. Kamuwahi. Yule mama ni mtu mzima, hawezi kuendelea hivi. Akianguka yeye, tumerudi kwenye kitenge.

Nawaza Merikiyori. Nani kamtuma? Baba Eliza kwa hasira ya kijitanda chake? Wale wa maharage wanaonionea wivu? Mtu hakosei kiasi kile. Kesho namfuata. Nitamvunja fimbo yake kichwani.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelifunga kwa turubai chafu, nimepita njia ya nyuma kwenye migomba.

Nilikuwa nimepanga matusi toka usiku, mazuri, kwa lugha mbili. Nikatupa sanduku mbele yake. Nikamwambia, nimekuagiza kitanda umenipa nini?

Akaja kuangalia. Akapitisha kidole kwenye mfuo, kuzunguka wote, polepole, mpaka pale alipoanzia. Akakaa chini kwenye maranda. Nikangoja ajitetee. Hakujitetea.

Kasema, "Nilikusikia vizuri, mdogo wangu. Ulisema kitanda. Mikono ikafanya ile kazi yake."

Kisha kasema toka wavuke kutoka Burundi hajawahi kuagizwa kitu cha mtoto mchanga ambacho si hicho. Watu wanakuja asubuhi, wanataka mchana. Ndiyo maana haulizi jina. Alizoea kuuliza, akaacha.

Matusi yote yamekwisha.  Nilimshuku mtu kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Akainuka. Akaweka ile fimbo juu ya turubai la paa, mbali. Akauliza, "Anaitwa nani?"

"Bado. Namwita Bibie."

"Analalaje?"

Sikuweza kueleza kwa maneno. Nikalala kwenye maranda nikamwonyesha, mikono juu ya kichwa kama mtu kaambiwa asalimu amri. Watoto wa kambini wakajaa mlangoni, kicheko. Merikiyori akacheka pia, akafuta macho, akaniambia nisitikisike, akanipima kichwa kwanza, halafu akasema huyu ni mkubwa mno, nikamletee kamba ya urefu wa mtoto mwenyewe na kimo cha kitanda chetu.

Nimeuliza hilo sanduku atalifanyaje. Kalisukuma kwa mguu nyuma ya mbao.

"Litachukuliwa tu."



Jumanne, 12 Agosti

Kamba ya urefu kanipimia mama mkwe. Kanirushia juu ya pazia, kimya. Imefungwa fundo pale kichwa kinapoishia.

Nimeshinda kwa Merikiyori. Fito za ubavuni nimezisimamia mwenyewe. Ngumi yangu haipiti, ngumi ya binti wa jirani yake haipiti. Chini mbao zimebanana, mkeka mwembamba juu, basi. Nikataka tuchonge simba mbele. Kakataa, mtoto atajikwaruza. Nikataka rangi. Kakataa, mtoto atailamba. Sasa huyu ndiye fundi, ananikatalia kila kitu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekibeba miguu juu, wazi, bila shuka. Watu waone. Pale njia panda mzee mmoja aliwahi kugusa kofia, akaona miguu, akairudisha kichwani. Wapiga debe wakaanza: oya, baba mlezi! Umehamia kwenye fanicha? Nilikuwa karibu kuwashukuru.

Mama mkwe kakikagua uani kama anakagua mwizi. Kakitikisa. Kakinusa. Kakiwekea kinu ndani, akakiinamia na uzito wake wote. Kapitisha vidole kati ya fito moja moja. Kakilamba! Kitu kinalambwa? Mimi naangalia kuku. Nilijua atakosa kasoro, na nilishajiandaa kutamba.

Wakakiingiza chumbani wenyewe. Baada ya muda sauti ya Skola, ya kwanza kwangu toka Jumamosi:

"Mama anasema mkono wake umeingia hadi kwenye kiwiko."

Wapi? Kati ya kitanda chetu na kijitanda. Sakafu ya upande ule imebonyea, kijitanda kinaegemea nje, panabaki mwanya. Kiwiko cha mtu mzima. Boga lingepita, ngumi ingepita, Bibie mwenyewe angepita. Mimi kimo nilikipima upande mmoja tu wa kitanda.

Nimeaibika. Nimeandika, basi.

Mama mkwe akatoka chumbani, kanga kichwani, akaenda kukaa jikoni akinipa mgongo. Ikawa ruhusa. Nikaingia. Nimechimba sakafu upande wa juu mpaka miguu yote minne ikakaa sawa, nimekifunga kwenye fremu ya kitanda kwa mpira wa tairi, juu na chini, mafundo yangu ya gunia. Nikavuta kwa miguu yote miwili. Hakikusogea. Nikaita jikoni, mama, njoo ujaribu. Nikatoka upande mwingine.

Kakaa mle muda mrefu.

"Anasema sawa," akasema Skola.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikwenda Mtabila leo.

Homa ya Skola imeshuka. Mama mkwe jana kalala usingizi, amekoroma, nyumba nzima tumesikia na hakuna aliyethubutu kusema. Leo kaenda mtoni kufua, kabla ya kutoka kamwambia Skola, kwa sauti ile ya kunisikilizisha, kwamba pazia liko wazi.

Skola amelala, mkono wake umevuka ukaingia kwenye kijitanda. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Bibie kalala chali, mikono juu. Kimya kabisa. Kimya mno. Nimeangalia kifua, sijaona kitu, chumba kina giza. Nimesogea. Nimeweka kidole chini ya pua yake.

Kapiga chafya, kanikunjia uso, kaendelea kulala.

Samahani, Bibie.

Nimerudi ukutani.