Alidhani Kamera Imelala

Jumatano, hapa Nkende. Mvua haijakata tangu asubuhi, na mdomo wangu umevimba hata uji naunywea upande mmoja. Naandika kwa sababu kuongea kunauma.

Wanaonunua kwangu mnajua ninavyofanya. Nauza vitenge laivu nikiwa sebuleni, na kamera ni ile ya picha ya marehemu mume wangu, aliyokuwa akipigia harusi na vipaimara. Simu niliyoanzia ilikuwa inageuza rangi, nyekundu inaonekana ya chungwa, wateja wananigombeza. Basi nikaiunganisha kamera kwa waya kwenye kompyuta, ikawa inarusha moja kwa moja. Ila ikishaunganishwa, kioo chake cha nyuma kinakuwa cheusi. Hailii, haiwashi taa. Ukiikuta kwenye stendi utasema imelala.

Jana mchana nilikuwa laivu, nimeinua kitenge cha kijani, mwanangu Bhoke yuko chini anachezea vipande. Shemeji Marwa, mdogo wake marehemu, akaingia bila hodi. Tangu msiba anasema kamera ni mali ya ukoo, na mimi pia ni wa ukoo. Nihamie kwake, au niache vitu niondoke.

"Unaongea na nani?"

"Na wateja, shemeji. Karibu ukae."

"Wateja wapi? Mimi naona ukuta."

Nikamwambia watu wanatuona. Akainama, akatazama kioo, akacheka. "Kamera ya picha ikipiga inasikika. Mimi ndiye nilikuwa nambebea kaka hii kitu kwenye harusi, leo unanifundisha?"

Akaanza kuifungua kwenye stendi. Nikamshika mkono.

Ngumi ya kwanza ilipasua mdomo. Nikaangukia vitenge, akanikalia, akanikaba kwa mtandio wangu mwenyewe. Kipaza sauti kidogo kilikuwa kimebanwa kwenye kola yangu, kwa hiyo wateja walisikia hata ninavyokoroma. Bhoke akamng'ata mguu. Marwa akampiga teke mwanangu, mtoto akagonga ukuta.

Hapo mkono wangu ukapata mkasi wa vitambaa.

Sitasema nilijitetea tu. Nilimchoma pajani, nikauchomoa, nikauinua tena, na safari hii nilikuwa natafuta shingo. Nilitaka afe. Kilichonizuia si huruma, ni vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani walioingia wakanishika mkono. Mteja wangu mmoja wa Nyamongo alikuwa anaangalia, akampigia mwenye duka hapo nje, naye akawaita.

"Mama Bhoke, achia. Achia mkasi, tumeshamshika."

Marwa anavuja damu, bado anabisha. "Amenivamia huyu! Nani ameona?"

Kijana mmoja akamgeuzia simu yake, laivu yangu bado inaendelea. Akajiona palepale, ameshikwa, suruali imelowa damu. Akaigeukia kamera, kisha akainamisha kichwa.

Bhoke hajavunjika. Ana nundu kichwani, na jana mpaka usiku hakutaka nimweke chini.

Leo mama mkwe amekuja kwenye mvua hii. Nampenda, ndiye aliyenikanda nilipojifungua. Akaniangalia mdomo, akalia, kisha akasema alichotumwa.

"Mwanangu, mambo ya mji, ya ukoo, hayaendi polisi. Wazee watakaa, atatoa ng'ombe, yataisha. Ifute hiyo video."

Nikamvuta Bhoke mapajani.

"Na wewe ulichoma mtu. Itakufunga wewe kwanza. Bhoke atabaki na nani?"

Hapo alinigusa. Baada ya kuondoka nimeiangalia mpaka mwisho, mkono juu ya kitufe. Mkasi unaonekana vizuri. Uso wangu unaonekana, na si uso ninaoujua. Kama ni kujiokoa mimi, kuifuta kungenifaa.

Lakini kabla ya mkasi kuna teke.

Nikifuta mkono wangu, nimefuta na mguu wake. Ataingia tena bila hodi, na wazee watakuwa wameshakula ng'ombe.

Nimempigia mama mkwe. Nimemwambia, "Shikamoo mama. Heshima yako iko palepale, ila video siifuti." Amekata simu.

Kesho asubuhi nakwenda polisi, dawati la jinsia, na kompyuta yangu na mtoto mgongoni. Nitawaonyesha yote, na mkasi wangu humo humo. Mtandio sivai. Nitavaa ile blauzi ya shingo wazi, waione alama shingoni mwangu kabla sijasema neno.