Mwenza wa Mwekundu

3 Februari

Mume wangu mdogo,

Hujambo? Kazi ya kufua mashuka ya mahoteli haijakukamua? Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo nimezoea kulalamika kwake.

Yule mtu uliyemtuma kununua tangi lako la samaki alifika jana. Nimemrudisha mikono mitupu. Usinune. Tangu uondoke, huyu samaki malaika wako mwekundu anazunguka mawe peke yake mchana kutwa, hata mimi nachoka kumtazama. Namtafutia mwenza.

Ni mimi,
Bibi yako

15 Februari

Mke wangu, shikamoo.

Mimi sijambo, mikono tu ndiyo imechubuka kwa sabuni. Goti ulikande kwa maji ya moto.

Bibi, hao malaika ni wadogo kama kiganja cha mtoto, lakini roho zao ni za simba. Nilijaribu kuwaweka wawili wawili, nikashindwa. Wakilingana kimo, wanauana. Wote huanza maisha wakiwa majike, kisha mkubwa anayetawala hugeuka dume. Kwa hiyo akija mwingine, awe mdogo. Ila ushauri wangu ni uuze tu. Maji ya chumvi yana kazi nyingi, nawe upumzike.

Mjukuu wako

9 Machi

Mume wangu,

Salamu tele. Kupumzika nitapumzika nikifa.

Nimemnunua mdogo. Mwenye duka akaniuliza, “Bibi, una hakika? Watapigana.” Nikamwambia, “Nimekaa nyumba moja na mawifi watatu. Ugomvi naujua.”

Nimemtia kwenye kapu la plastiki lenye matundu, likaning'inia humo humo tangini, waonane bila kugusana. Nikamtoa mapema mno, akachanwa pezi kama kitambaa kilichonasa msumarini. Nikamrudisha kapuni, roho inaniuma. Kisha nikapangua mawe yote, mkubwa asijue tena chumba chake ni kipi. Sasa nangoja.

Bibi yako

2 Mei

Bibi, shikamoo.

U mzima kweli? Mbona kimya? Jirani kanipigia simu, anasema umeme ulikatika, nawe ukashinda umesimama na jagi, ukichota maji ya tangi na kuyamimina, samaki wapate hewa. Kwa goti lile! Nakuomba, wauze.

Mjukuu wako mwenye hofu

20 Mei

Mume wangu mwoga,

Mimi mzima wa afya. Jirani hakukwambia kwamba naye alishika jagi? Tulipokezana, huku tukisengenya mtaa mzima. Hakufa hata mmoja.

Sasa kaa chini. Siku hizi wanalala jiwe moja. Jana jioni, nikiwa karibu kuzima taa ya tangi pale sebuleni, yule mkubwa akaanza kumzunguka mdogo, katandaza mapezi kama bwana harusi. Akamsukuma tumboni taratibu, wakapanda juu pamoja, halafu fyu! Wingu dogo la mayai, laini kama vumbi. Nilipiga kigelegele, jirani akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimevamiwa.

Mayai hayakudumu, mume wangu. Pampu iliyanyonya, na mwenye duka anasema watoto wa hawa ni wagumu mno kulea. Sikulia. Leo jioni wamepanda tena. Mwenye duka amekuja kutazama, ameomba kesho aje na mkewe.

Bibi yako, mshenga wa samaki

4 Juni

Mke wangu, shikamoo, tena shikamoo.

Nilisoma barua yako kwa sauti wakati wa mapumziko. Mashine zilikuwa zimezimwa, wote wakasikia. Msimamizi wetu, ambaye hajawahi kucheka, akaniuliza, “Nani huyo aliyewapatanisha?” Nikasema, “Bibi yangu, aliyemzaa mama yangu.” Bibi, nilijiona nimerefuka. Ameniomba nimsomee tena kesho.

Neno la kuuza nimelifuta. Tangi ni lako. Nimepata likizo, nakuja mwezi ujao kuwaona.

Mjukuu wako, mwenye bibi

16 Juni

Mume wangu,

Njoo, kitanda chako nimekitandika. Ila ukifika jioni, ingia polepole na usiwashe taa ya sebuleni. Wenye nyumba watakuwa na shughuli zao.

Bibi yako