Kisanduku Kinachojaza Chenyewe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku nzima kwenye kisanduku kimoja. Kimoja!

Ni kile cha kutafuta jina la mgonjwa, kwenye programu niliyoandikia kituo cha afya. Unaanza kuandika ukoo, chenyewe kinajaza jina la kwanza linalofanana. Nilikichukua kilivyo, kimeshatengenezwa, nikaringa nacho. Majaribio nilifanya kwa akina Massawe na Kimaro, majina ya Kichaga. Mimi, Ambilikile Mwakalinga wa Busale! Huku ukiandika “Mwaka” umeandika nusu ya wilaya. Kinajaza “Mwakabuta, Eliya”, wa kwanza kwenye orodha. Ukibonyeza Enter umeshafungua faili lake.

Nesi Georgina kapiga simu. Eti kaka Ambi, huyu Eliya Mwakabuta leo ameugua mara ishirini na moja, ana mimba ya miezi sita na amechanjwa surua. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika kisanduku changu, kinarithi kila kitu cha kile cha mwanzo ila Enter naidaka mimi, isijaze. Safi! Nikatuma kituoni asubuhi.

Saa sita Georgina tena. Bado. Kumbe yeye hagusi Enter, anatumia Tab kurukia kisanduku kinachofuata. Nikamjibu vibaya — asome kabla ya kubonyeza. Akasema foleni imetoka nje ya mlango, na yeye anamwangalia mgonjwa, haangalii kioo. Amekuja kutoka Tanga, majina yetu yote kwake ni mamoja. Nikakata simu nimevimba.

Jumatano, 5 Machi

Tab nimeidaka. Sasa ukibofya tu kwingine kwa kipanya — kinajaza! Kinajaza kila unapokitoka, kwa njia yoyote ile. Tabia imezikwa ndani huko, haijaandikwa popote kwenye maelezo.

Nikazuia kutoka. Kikagoma kutoka kabisa. Nimepiga meza, chai ikamwagikia kibodi. Mama kauliza kompyuta imenikosea nini.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna. Nakichukia.

Ijumaa, 7 Machi

Imekubali! Mistari mitatu tu. Siku nne kwa mistari mitatu! Usipochagua mwenyewe kwenye orodha, kinabaki chekundu, hakikubali kitu.

Nimekipeleka kituoni mwenyewe. Georgina akasema “ndaga fijo”, asante sana ya Kinyakyusa, kwa lafudhi ya Tanga, nikacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Halafu akauliza polepole: na wale wa tangu Jumatatu?

Sikuwa nimewafikiria. Hata kidogo.

Tukakaa na daftari la mapokezi, tukawatoa mmoja mmoja kwenye faili la Eliya. Wa thelathini na tatu alikuwa na onyo: aleji ya salfa, asipewe kabisa. La Jumanne. Georgina akashika kinywa. Alimkumbuka — Anyelwisye Mwakalobo, yule mama mfinyanzi wa Ikombe, kule ziwani kusikofika gari. Mama huyo ndiye aliyemweleza kwamba salfa iliwahi kumbabua ngozi hadi akalazwa.

Leo asubuhi amerudi. Daktari Benedict kafungua faili lake, safi, halina onyo. Kamwandikia vidonge vya salfa. Mtumbwi wa Ikombe umeondoka saa saba. Simu yake haipatikani.

Daktari aliposikia akamfokea Georgina mbele ya wagonjwa. Mzembe, hajui kuandika hata jina la mtu. Georgina akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kompyuta kwapani. Nikamwacha afokewe.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Tumekodi mtumbwi, tumo mimi, Georgina na mwenye mtumbwi. Nilitaka aninunie, anitukane. Aliniuliza tu kama najua kuogelea.

Tumefika Ikombe. Georgina kashuka na mkoba wa dawa. Mimi nimebaki mtumbwini, eti nalinda vitu. Vitu gani? Ndiyo maana naandika, mikono ipate kazi.

Sauti zinafika hadi hapa. Wanawake wanasema Anyelwisye alimeza viwili mchana, amevimba midomo, wamemlaza ndani. Georgina anawaambia, dada zangu, mimi ndiye nesi, kosa ni langu, nipelekeni kwake. Wanakimbia naye.

Mmoja amebaki. Mikono yake ina udongo. Anakuja huku majini, ananiuliza na mimi ni nani.