Nguzo Fupi ya Darubini

Jumatatu, 15 Desemba

Kikao cha kamati tena. Chai ya maziwa, mandazi ya jana, na Mwenyekiti wetu Maalim Faki akisoma dondoo zilezile za wiki iliyopita. Kambi ya vijana imekaribia na darubini ya somo la nyota haijachaguliwa. Mie nilitaka ile nene, ile inayokaa chini juu ya kibao chake. Unachungulia ubavuni, umesimama wima. Maalim akaitazama picha, akasema, "Yakhe, hili si pipa la lami hili?" Wakacheka wote. Wakachagua ile nyembamba nyeupe, ndefu, kwa kuwa itapendeza kwenye picha za ufunguzi.

Watu wazima wale. Nimerudi zangu nyumbani Kengeja.

Alhamisi, 18 Desemba

Imefika. Kioo chenyewe si kibaya, nisiwe muongo. Miguu yake mitatu ndiyo takataka. Ukipumua tu, mwezi wote unatikisika. Nimesema tuitoe miguu, tujenge nguzo ya zege uwanjani, tuifunge juu yake. Ajabu, wamekubali.

Jioni nilikwenda Chokocho kuwaomba wazazi wawaachie wasichana. Mwaka jana kambi ilikuwa ya wavulana watupu. Anayesikilizwa kule ni Mzee Khatib, baba yake Asha, mwanafunzi wangu wa fizikia. Akikubali yeye, wengine wanafuata. Kanipa sharti: atakuja mwenyewe siku ya ufunguzi, akae, atazame. Akiridhika, Asha atabaki mpaka kambi iishe. Asha alikuwa nyuma ya pazia muda wote. Niliviona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa, havitulii.

Inshallah.

Jumapili, 21 Desemba

Leo nimefanya kazi na mtu mwenye akili. Nguzo inataka kukaa sawa na kaskazini, ili darubini ifuate mwendo wa nyota. Fundi Hamad akauliza kaskazini yenyewe wapi. Nikamwambia afuate kibla, kwetu sisi ni kulekule. Akavuta uzi kutoka ukuta wa msikiti mpaka uwanjani, kamaliza.

Urefu nimeupima kwa Asha. Darubini hii unachungulia mkiani, na ikielekezwa juu, mkia unashuka. Kwa hiyo nguzo lazima iwe ndefu, ndefu hasa, ili mtoto wa kike achungulie bila kuinama. Fundi hakuniuliza kwa nini. Naye ana mabinti.

Jumanne, 23 Desemba

Wameikata!

Nilikwenda Wete kufuata fulana za vijana. Nimerudi, nguzo imeshuka, inanifika kiunoni. Amri ya Maalim. Mgeni rasmi ni mtu mnene, magoti yanamsumbua, basi atachungulia mwezi amekaa kwenye kochi. Kochi! La kukodi, la maua mekundu. Na turubai la wageni limesimikwa kusini ya nguzo, nyuma ya mchunguliaji, ili waheshimiwa wakae wameelekea kibla. Maana yake kila atakayechungulia, mgongo wake kwa wanaume wote wale.

Nikamuuliza Maalim, na wasichana? Akasema, "Wasichana migongo yao laini Bi Maryam, watainama."

Alikuwa anatafuna haluwa. Ilimganda pembeni ya mdomo. Nilitamani nimtapikie.

Kisha nikamwomba basi kochi libaki palepale, wasichana nao wakae. Hapana, kochi la mgeni. Nitaweka kiti cha plastiki mwenyewe.

Ijumaa, 26 Desemba

Mvua tangu Alfajiri. Nimeomba iendelee na kesho, ufunguzi uvunjike. Mwalimu wa nyota anaomba mawingu. Pu!

Jumamosi, 27 Desemba

Mbingu safi kabisa baada ya Maghrib. Mwezi nusu, juu ya vichwa vyetu.

Hotuba, makofi, hotuba. Mgeni rasmi akakaa kwenye kochi, akachungulia, akauliza kama ule ni mwezi wenyewe au ni picha iliyobandikwa ndani. Akapigwa picha. Akapigwa nyingine. Kochi likabebwa likarudishwa chini ya turubai. Nikageuka kuchukua kiti changu cha plastiki. Hakipo. Kakikalia dereva wa mgeni, anakula sambusa.

Nikasema nikalete kingine. Maalim hakungoja, keshashika kipaza sauti. "Wasichana, jitokezeni, msione haya!"

Wakanitazama mie. Asha akatoka wa mwanzo. Akalikusanya buibui lake nyuma kwa mkono mmoja, akainama. Chini ya turubai mtu akapiga mluzi. Mwengine akanyanyua simu, taa yake ikamwangaza mtoto wa watu kiunoni. Wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Asha akainuka kabla hajaona kitu.

Mzee Khatib alisimama taratibu. Hakupiga kelele. "Twende mwanangu." Wazazi wengine wakasimama nao, kila mmoja na wake, na uwanja ukabaki wavulana watupu.

Maalim akasema kwenye kipaza sauti kwamba sayansi inataka moyo. Makofi.

Mijitu. Nimekoga mara mbili na bado najihisi mchafu.

Jumapili, 28 Desemba

Chokocho. Nilifikiri nitafukuzwa mlangoni. Mzee Khatib kanikaribisha, kaniletea mkeka, kaniagizia maji. Akasema, "Mwalimu, mie sina ugomvi na mwezi. Lakini mwanangu ameinamishwa mbele za watu, wakamcheka. Kule harudi." Nikamwomba kitu kimoja: darubini ije uani kwake, kwa wanawake tu. Akasema, ua ni wa mke wangu, kamuulize yeye.

Nimemuuliza. Kakubali.

Maalim anawaambia watu kwamba wasichana wameogopa darubini. Ameogopa nani? Ptu!

Jumatatu, 29 Desemba

Nimechukua spana nikaifungua darubini kwenye nguzo mchana kweupe. Maalim alikuwepo. Akasema, "Bi Maryam, vipi tena?" Nikaendelea kufungua, na hakunizuia.

Nimeifunga kwenye miguu yake mitatu uani kwa Mzee Khatib, ikitikisika itikisike. Mama yake Asha akatoa mbuzi ya kukunia nazi, akaiweka chini ya mkia wa darubini. Urefu sawasawa. Wakakaa mmoja mmoja, majirani, shangazi, wasichana wote waliotolewa kambini. Bibi mmoja alikataa kuinuka mpaka wakamvuta mkono. Mwengine alilia kidogo.

Asha hakutoka. Nilimwita mara moja. Mama yake akanambia, mwache.

Wingu lilipokuja wakaondoka. Nikafunika kioo, nikaanza kukunja miguu. Asha akatoka ndani, kajifunga ushungi mpaka kidevuni. "Shikamoo Mwalimu." Nikamwitikia. Akainua ile mbuzi, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akarudi nayo jikoni, darubini hakuitupia jicho.